Kabla ya Kuuliza Kodi, Uliza Nani Atampokea Mtoto

(Mazungumzo haya yalitolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya wazazi wanaojitayarisha kuhamia nje ya nchi na watoto wao. Yameandikwa takriban kama yalivyosemwa.)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, sheha wetu, walimu, na nyinyi vijana mliojibanza kule mlangoni, ingieni ndani, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua mtaa wa kukaa mtu anapohamia nchi ya watu na watoto wake. Kwetu hapa jambo hili halina mjadala mrefu. Mtu kazaliwa Wesha, kaoa Machomane, kajenga Gombani kwa sababu ndipo alipopata kiwanja. Mtoto akitoka skuli hakuna anayeuliza kaelekea wapi. Atapita kwa bibi yake, atakula, atakwenda chuoni kusoma Kurani, akichezea barabarani jirani atamkemea, na mama yake hana habari mpaka magharibi. Kazi yote hiyo inafanywa na mtaa, tena bure. Ndiyo maana tukifika nje tunakimbilia kutafuta nyumba. Mtaa hatujawahi kuutafuta, tuliukuta.

Huko hautaukuta. Nimelea watoto Maskati, kule Oman, kisha nikalea Uingereza, na leo nimekuja na neno moja tu. Kabla ya kuhesabu vyumba, kabla ya kuuliza kodi, jiulize mtoto akitoka skuli nani atampokea, na atamfikia vipi. Ukishapata jibu la hilo, utaona mitaa mingi imejiondoa yenyewe kwenye orodha yako.

Kwanza la haraka, maana wapo humu watakaopoteza fedha. Wanaokwenda Uingereza, hakikisheni viza yenu inaruhusu watoto kabla hamjaanza kutazama ramani. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa kawaida, hata wa shahada ya uzamili ya kufundishwa darasani, haruhusiwi kufuatana na mke au watoto. Wanaoruhusiwa ni wa shahada za utafiti, pamoja na baadhi ya wenye ufadhili wa serikali. Na Machi 2024 wanaoanza kazi za kutunza wazee na wagonjwa nao walifungiwa mlango huo, na tangu Julai 2025 viza yenyewe ya kazi hizo imefungwa kwa waombaji wapya walio nje. Wapo madalali wa safari ambao bado hawawaambii watu haya. Nawaambia mimi, na sitozi kitu.

Sasa turudi kwa mtoto.

Skuli za msingi za Uingereza hufunga kati ya saa tisa na saa tisa na nusu alasiri. Kwa watoto wadogo, mwalimu husimama mlangoni. Hawaachii wakatoka kama kuku waliofunguliwa banda, la. Anatazama nje, anamwona mzazi, ndipo anaita jina, na mtoto anatoka na begi lake, koti halijafungwa. Akija mjomba ambaye jina lake halimo kwenye orodha, mtoto hapewi, hata kama mtoto mwenyewe anaruka-ruka na kumwita kwa furaha. Mjomba atasimama pale na mvua yake mpaka mama apigiwe simu. Baadhi ya skuli zina neno la siri ambalo anayekuja kuchukua lazima alitaje. Mara ya kwanza unaona wanakudharau. Baada ya muda unashukuru.

Sasa mama yuko wapi saa hiyo? Mimi zamu zangu za hospitali zilikuwa zinaanza kabla ya saa mbili asubuhi na kwisha karibu na saa mbili usiku. Baba naye yuko ghalani au yuko kwenye gari. Na msiseme mkubwa atamwangalia mdogo. Hapa mtoto wa miaka tisa anapakata mdogo wake na anachemsha chai. Kule sheria haikutaja umri ambao mtoto anaweza kuachwa peke yake nyumbani, lakini mzazi anayemwacha katika hali ya hatari anaweza kushitakiwa. Shirika la NSPCC, ambalo kazi yake ni kulinda watoto, linashauri kwamba walio chini ya miaka 12 mara nyingi hawajapevuka vya kutosha kuachwa kwa muda mrefu. Jirani akimsikia mtoto analia ndani peke yake, atapiga simu. Wala hafanyi uchongezi, ndivyo walivyofunzwa.

Kwa hiyo zipo klabu za baada ya skuli, mtoto anabaki hapo hapo mpaka kiasi cha saa kumi na mbili jioni. Zina malipo, na mara nyingi zina foleni. Wazazi wetu wanafika wakiuliza skuli ipi inafaulisha. Mimi nasema ulizeni kwanza kama klabu ina nafasi. Skuli yenye sifa kubwa na isiyo na mahali pa kumweka mtoto jioni itakufanya uache kazi, na ukiacha kazi pengine na viza imekwenda.

Nafasi za skuli zenyewe nazo zina utaratibu ambao hapa hatuna. Tangu Septemba 1964 tulipotangaziwa elimu bila malipo, sisi tumezoea kwamba mtoto anaandikishwa skuli ya jirani, hata wakijazana. Kule darasa likijaa limejaa. Nazungumzia England, sehemu kubwa ya Uingereza, maana Scotland wana mambo yao. Kwa mtoto anayeanza skuli ya msingi, mwisho wa kuomba ni Januari 15. Kwa anayeingia sekondari akiwa na miaka 11, mwisho ni Oktoba 31 ya mwaka unaotangulia. Wewe unayefika Machi na mtoto wa darasa la kati unaomba katikati ya mwaka, na unapewa kilichobaki. Skuli unayoiona kutoka dirishani kwako inaweza kukwambia hakuna nafasi, kisha kaunsili, yaani serikali ya mji, ikakupa nafasi skuli nyengine ya mbali. Ikiwa skuli ya karibu inayofaa iko zaidi ya maili 2 kwa mtoto wa chini ya miaka 8, au maili 3 kwa aliyezidi hapo, wanatakiwa wakupe usafiri wa bure. Ikiwa ni maili moja na nusu, ni miguu yenu.

Sasa tia watoto wawili. Mmoja kapata nafasi kaskazini, mwengine kusini, na zote mbili zinafungwa wakati ule ule. Nimewaona mama zetu wakikimbia, na kukimbia kwenyewe ni kwa buibui na upepo wa Februari, huku kigari cha kusukuma mtoto kiko mbele. Hilo si jambo la kusema utazoea.

Ndiyo nikasema simu ya kwanza si ya dalali wa nyumba. Ni ya ofisi ya kaunsili inayoshughulikia uandikishaji. Waulize: nina mtoto aliyezaliwa tarehe fulani na mwengine tarehe fulani, skuli gani leo zina nafasi kwa wote wawili? Wana orodha, au watakwambia upige skuli moja moja. Watoto kule hupangwa darasa kwa umri, na mwaka wa skuli huhesabiwa kuanzia Septemba 1. Aliyezaliwa mwisho wa Agosti anakuwa darasa moja mbele ya aliyezaliwa siku chache baadaye, na kutojua Kiingereza kwa kawaida hakumrudishi nyuma. Kwa hiyo vyeti vya kuzaliwa viwe sahihi kabla hamjaondoka hapa. Sheha ananitazama, anajua ninalosema.

Mkishapata skuli mbili tatu zenye nafasi, zitieni kwenye ramani, na nyumba itafutwe kuzizunguka. Hapo ndipo mtakapokutana na kishawishi. Mtaona nyumba yenye vyumba vitatu na bustani, mabasi mawili kutoka skuli, kwa kodi ya fleti ya vyumba viwili iliyo karibu. Nyumba hiyo ni sawa na samaki wa jioni sokoni: kuna sababu ya bei kushuka, na utaijua ukishafika nyumbani. Chukueni fleti. Watoto watabanana, na kubanana wamekuzoea tangu hapa. Lakini soma mkataba, maana hutaja nani wanakaa, na mwenye nyumba hatokubali uongeze binamu na shangazi kimya kimya. Dhamana kule England kisheria haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba za kawaida, anayekudai zaidi ya hapo mkatalie. Na juu ya kodi ya nyumba kuna kodi ya kaunsili, ambayo nyumba zimegawiwa madaraja kuanzia A, la chini, mpaka H, la juu, kwa thamani ya mwaka 1991. Tangazo la nyumba linaandika daraja kwa herufi ndogo pembeni. Tafuteni herufi hiyo.

Ukienda kuitazama nyumba, usitazame jiko. Vuta kabati, tia mkono ukutani nyuma yake. Ukiwa wa baridi na una majimaji, basi wakati wa baridi utaota ukungu mweusi, na mtoto mwenye pumu hatolala. Rangi mpya iliyopakwa pembe moja tu ya chumba nayo ina habari zake.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, nalo ni namna wazazi wanavyofika getini. Zipo skuli ambazo saa tisa barabara yote imejaa magari. Mzazi anasimamisha, mtoto anaingia, mlango unapigwa, wanaondoka. Miaka inapita hamjuani. Na zipo skuli ambazo wazazi wanakuja kwa miguu. Wanafika mapema kidogo, wanasimama, mvua ikinyesha wanagawana mwavuli, mmoja ana mtoto mchanga, mwengine kaja na bibi. Hapo ndipo mtaa unapozaliwa. Mama mmoja wa Kisomali, nyumba tatu kutoka kwetu, tulianza kwa salamu tu getini. Ikafika mahali siku nikiwa zamu yeye anachukua wa kwangu na wa kwake, siku zangu za mapumziko nachukua mimi. Tukaandikishana majina skuli, yeye kwenye orodha yangu, mimi kwenye yake. Hakuna klabu wala fedha iliyonifaa kama jina lake kwenye karatasi ile. Kwa hiyo mkiwa huko kwa kutazama tu, au mna ndugu anayeweza kuwatazamia, msimtume apige picha ya nyumba. Mtumeni asimame nje ya skuli saa tisa na ahesabu miguu na magari.

Mkiwa bado huku, fungueni ramani ya Google zile picha za barabarani, mtembee kutoka mlango wa nyumba mpaka skuli. Tazameni njia ya miguu ipo pande zote mbili? Barabara kubwa inavukwa kwenye taa, au mtoto anakimbia? Tazameni na tarehe ya picha, huwa imeandikwa, maana nyengine ni za zamani. Polisi wa England na Wales nao wana tovuti yenye ramani ya makosa kwa kila mtaa na kila mwezi. Itazameni, lakini msiogope kila doa. Penye maduka na stesheni siku zote panaonekana pabaya kuliko palivyo. Mimi ningetazama zaidi doa lililo kwenye njia ya mtoto kuliko lililo mtaa wa pili.

Kuhusu sifa za skuli, wakaguzi wa Ofsted walikuwa wakiipa kila skuli neno moja la hukumu, na watu walikuwa wakinunua nyumba kwa neno hilo. Septemba 2024 waliacha kuzipa skuli za serikali neno hilo. Mimi nimefurahi. Someni ripoti yenyewe, muone wanasema nini juu ya mahudhurio na uonevu. Serikali pia inachapisha asilimia ya wanafunzi wa kila skuli ambao lugha yao ya kwanza si Kiingereza. Wapo wanaoikimbia skuli yenye asilimia kubwa. Mimi ningeifuata. Mwalimu aliyezoea watoto wanaofika bila Kiingereza hamshangai wako, ana namna yake ya kumkalisha na mwenzake na kumpa kazi anayoiweza. Mtoto akiwa peke yake katika skuli nzima, hatoshindwa masomo labda, lakini ataanza kukukataza usimpigie Kiswahili mbele ya wenzake.

Jengine ni jua. Hapa jua halizami kabla ya saa kumi na mbili, Januari mpaka Disemba. London mwezi wa Disemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, na kaskazini zaidi mapema kuliko hapo. Mtoto wa sekondari aliyebaki skuli kidogo anarudi gizani. Juni linazama baada ya saa tatu usiku, na watoto hawalali. Chuoni nako saa zake mara nyingi ni baada ya skuli, kiasi cha saa kumi na moja jioni, kwa hiyo wakati wa baridi wanakwenda na kurudi usiku. Pima na njia hiyo. Msikiti ulio karibu kwa gari si msikiti ulio karibu.

Na kama mkubwa ana miaka tisa au kumi, msichague mtaa kwa skuli ya msingi peke yake. Muda si mrefu yuko sekondari, anapanda basi mwenyewe. London watoto wa chini ya miaka 11 hupanda basi bure, na wa 11 hadi 15 hupanda bure kwa kadi yao ya picha. Miji mengine ina nauli. Ulizeni basi gani, linapita wapi, na kituo kiko mbele ya nini. Binti aliyevaa hijabu anayesubiri basi nje ya baa kila jioni atakwambia mwenyewe, akikwambia.

Sasa ndugu. Najua ndilo lililowaleta wengi. Mtafikia kwa nani? Kila mtu hufikia kwa wake, na hakuna ubaya. Mimi nashauri ndugu awe umbali wa kutembea, asiwe ukuta mmoja na wewe. Akiwa karibu, mtoto akipata homa saa nane usiku una wa kumwachia wadogo. Akiwa ndani ya ua mmoja, kila unachopika kina mjumbe. Nafikiri mnanielewa. (Kicheko.) Lakini msimfuate ndugu mji usio na kazi yenu. Na msidhani watu wetu wako London tu. Leicester kwa mfano ilipokea Wahindi wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na wengine waliotoka Kenya na huku kwetu. Kuna wazee huko wanakuuzia bilingani na kukujibu kwa Kiswahili.

Maskati ni habari nyengine kabisa. Huko Kiswahili si taabu, jamaa zetu wamejaa tangu baada ya 1964, na zaidi tangu Sultan Qaboos aliposhika utawala 1970 na kuwaita watu warudi. Wilaya ya Seeb, kule Al Khoud na Mawaleh, unaweza kupita siku nzima hujasema Kiarabu. Taabu ya Maskati ni kwamba mji umenyooka kati ya milima na bahari, umeshonwa na barabara kubwa, na majira ya joto inapita nyuzi 40. Hakuna mtoto wa kutembea. Baba akiondoka na gari asubuhi, mama kafungwa ndani na watoto mpaka arudi. Hapo swali langu ni lile lile ila linageuka: mtaa gani una duka, msikiti na kibaraza cha watu ambapo mama anaweza kufika kwa miguu baada ya magharibi? Mitaa ya zamani kama Ruwi, au karibu na soko la Seeb, ina msongamano, lakini mtu anatoka nje akaonana na watu. Vitongoji vipya vya majumba makubwa ni vizuri kwa mwenye magari mawili. Skuli za serikali zinafundisha kwa Kiarabu na wageni wengi huweka watoto wao skuli za kulipia, kwa hiyo basi la skuli ndilo linalochagua mtaa. Ulizeni linapita wapi na linaanza saa ngapi. Mtoto anayepandishwa wa kwanza alfajiri ndiye pia anayekaa kwenye basi muda mrefu kuliko wote.

Marekani na Kanada nitapita mbio, sikulea huko. Anwani yako ndiyo inayoamua skuli ya mtoto, na Marekani sehemu ya fedha za skuli inatokana na kodi za majengo ya eneo hilo, kwa hiyo upande huu wa barabara na ule unaweza kuwa wilaya mbili tofauti za skuli. Waulizeni wilaya yenyewe kwa anwani kamili, msimuulize dalali.

Mzee wangu pale mbele kaniuliza kabla hatujaanza: si bora kupanga popote kwanza, mkatulia, kisha mkatafuta? Mzee, ni bora kwa nyumba, si kwa skuli. Kule England mtoto akishapokelewa skuli, kwa kawaida hatolewi kwa sababu mmehama nyumba. Kwa hiyo nyumba ya kwanza iwe ya muda mfupi, mbaya kidogo sawa, lakini iwe ndani ya eneo mnalodhani mtabaki. Hameni nyumba mara mbili mkitaka, skuli muihame mara chache. Wadogo wakifuata, skuli nyingi huwapa kipaumbele wenye kaka au dada ndani, ila baadhi zinatazama kama bado mnakaa karibu, muulize hilo.

Na bibi? Kuna aliyeniuliza kama bibi anaweza kuja kuwapokea watoto. Kwa viza ya kutembea anaweza kuja kwa muda, kwa kawaida mpaka miezi 6, kuwaona wajukuu zake. Kulea kusiwe ndiyo kazi inayomleta, maana hapo inaweza kuonekana kaja kufanya kazi, na anaweza kunyimwa.

Mimi nipo mpaka baada ya sala ya alasiri. Mwenye barua ya kazi iliyotaja mji aje nayo, na tarehe za kuzaliwa za watoto. Simu yangu ina bando, tutafungua ramani hapa hapa mezani.